Jike wa Mafunjoni

Nimesema mpaka koo limekauka: dume hazai. Nafanya kazi katika shirika dogo la kulinda wanyama, na ukutani ofisini kwetu kuna picha sita za nzohe, yule swala anayeishi majini ndani ya mafunjo. Zote sita ni za madume, kwa kuwa dume ana pembe na jike hana. Watu wanapenda pembe, utafikiri ndizo zinazonyonyesha. Bonde lililo chini ya mtaa wa Niboye, hapa Kigali, lilikuwa na madume wanne na jike mmoja tu, tena mwenye mimba. Akifa yeye, hao wanne watazeeka wakitazamana, na habari ya nzohe pale imekwisha.

Aliyenielewa ni bibi Illuminée peke yake, anayekata majani ya ng'ombe wake bondeni. Yeye ndiye aliyenionyesha jike anapolala, kwenye mafunjo mazito kando ya mtaro mkubwa wa mawe. Nikaenda kwa Bayingana, mkuu wa mtaa ule, si mara moja wala mbili, nikamwomba asiruhusu mtu kumgusa.

"Usiogope, madamu Praxeda," aliniambia. "Huyu mnyama iko wetu. Tutamulinda."

Na alisema kweli, hilo ndilo linaloniuma. Mpumbavu ni mimi. Ijumaa nilimpigia simu nikiwa na furaha tele. Nikamwambia kesho saa sita anakuja mgeni, Winifred, mwakilishi wa wafadhili, na nataka aone pale jike analala, ili akubali kutujengea uzio. Nimetoka Bukoba, naishi Kigali mwaka wa nne sasa, na bado nilisahau kwamba hapa ukitaja mgeni, watu wanashika fagio.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo kila mtu hufanya kazi ya pamoja mtaani kwake. Mimi nilikuwa Gisozi na majirani zangu tukizibua mfereji. Saa nne simu ikaita: Bayingana amenitumia picha. Njia imenyooka kuteremka bondeni, mawe yamepakwa chokaa kushoto na kulia, na palipokuwa na mafunjo pamekuwa peupe kama uwanja wa kanisa.

Nikapiga. Hakupokea. Nikapiga tena na tena huku jembe langu likiwa chini na majirani wakinong'ona. Siku ya umuganda magari hayatembei mpaka saa tano, na pikipiki huioni hata ya dawa. Nikaanza kwenda kwa miguu, lakini njia panda askari akanisimamisha.

"Umuganda bado, madamu," alisema kwa adabu. "Subiri kidogo."

Kidogo. Nilisimama pale saa nzima, na adabu yake ilinichoma kuliko tusi.

Nilipofika, jike alikuwa ndani ya mtaro. Watu walikuwa wamekuja na mapanga kutoka pande tatu wakifyeka mafunjo, naye akarukia upande wa nne, penye mawe, akavunjika shingo. Bibi Illuminée alikuwa amemfunika kwa kitenge chake, mkono ameuweka juu ya tumbo.

"Mutoto alicheza kidogo ndani," alisema. "Sasa ametulia."

Nikakaa chini kwenye chokaa mbichi nikalia mbele ya mtaa mzima, sikujali.

Winifred alifika kwa wakati, maskini, viatu vyake vikiwa safi. Akasifu ile njia, kisha akauliza uzio uanzie wapi. Nikamwambia hakuna tena cha kuzungushia, nikamwonyesha mtaro. Akafunga faili lake, akarudi garini.

Ndipo nikamgeukia Bayingana. Nilikuwa na maneno ya kumvua nguo mbele ya watu wake, nimeyapanga njia nzima. Alikuwa ameshika panga, matope yamemfika magotini, macho yamemwiva.

"Madamu," alisema taratibu, "si ulisema mugeni aone pale jike analala? Ndani ya ile mafunjo, angeona namna gani?"

Ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno.