Saa Ishirini na Tisa

Siku ya nne bila kuliona jina lake kwenye ratiba, Mwewe bado aliamini ni kosa la kompyuta. Kila Jumapili mchana marubani wote wa kampuni walitumiwa ratiba kwenye simu: nani anaruka, na nani, saa ngapi, anakwenda wapi. Yake ilikuja nyeupe kama karatasi ya mtihani ya mwanafunzi mvivu. Akapiga simu ofisini. Mpanga ratiba, mama mmoja mpole aliyekuwa akimpenda, akamwambia, "Subiri kidogo mdogo wangu, kuna mambo tunayaweka sawa." Basi akasubiri.

Mwewe ni jina alilopachikwa na kaka yake utotoni, tena si kwa ajili ya kuruka. Ni kwa sababu hapakuwa na kipande cha nyama kilichokuwa salama mezani yeye akiwa karibu. Alipokuja kupata leseni ya urubani, mtaa mzima ukasema kaka mtu alikuwa nabii.

Kaka mwenyewe alikuwa fundi wa friji. Ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na ndiye aliyeweka rehani nyumba pamoja na karakana ili dada yake asome. Masharti ya kampuni yalisomeka vizuri. Kampuni ingemsomesha kwa mkopo, kisha ingempa kiti cha rubani msaidizi, kile cha kulia, katika ndege zake za mapangaboi zenye abiria hamsini. Akitimiza saa mia tano angani ndani ya mwaka mmoja, angeajiriwa moja kwa moja na nusu ya mkopo ingefutwa. Asipotimiza, kazi hana, na deni lote ni lake.

Sasa alikuwa na miezi kumi kazini, na saa mia nne sabini na moja. Zilibaki ishirini na tisa. Kwa kasi yake ya kawaida hizo ni za wiki mbili na ushee.

Wiki mbili zikapita. Ratiba nyeupe.

Nyumbani hakusema kitu. Kila asubuhi wifi yake alimkuta amevaa shati jeupe lenye mistari miwili mabegani, lile ambalo wifi mwenyewe alilipiga pasi kwa kitambaa chenye maji ili lising'ae. Kaka, mikono tayari imeshika bisibisi, alimuaga mlangoni kwa utani ule ule: "Mimi nashusha baridi, wewe pandisha watu. Safari njema!" Naye alicheka, akaenda mpaka uwanja wa ndege, akabadili shati chooni, akakaa siku nzima kwenye mkahawa wa wapagazi nyuma ya ghala la mizigo. Aliagiza chai moja akainywa mpaka ikawa maji ya kunawia. Kila ndege iliyopaa aliijua kwa mlio, na karibu kila mara alijua nani yuko ndani.

Alijipa moyo kwa jambo moja tu: Kapteni yupo.

Kapteni alikuwa mkuu wa mafunzo, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akifoka. Ndiye aliyemfundisha kutua upepo ukivuma kutoka ubavuni, pale ambapo wanafunzi wengi huuvuta usukani kwa hofu. "Usipigane na ndege," alimwambia. "Ielekeze, halafu iamini." Na walipotua, aliongeza maneno ambayo Mwewe aliyahifadhi kama hirizi: "Miaka ishirini nafundisha. Mkono kama wako sijauona."

Tena Kapteni alikuja nyumbani kwao siku ya kutia sahihi. Alikaa kwenye kigoda cha karakana, katikati ya friji zilizobomolewa, akanywa chai kama mtu wa nyumbani. Kaka akampa karatasi za mkataba na rehani. "Kapteni, mimi ni mtu wa gesi na nyaya. Lugha ya hapa siijui. Niambie kama unavyomwambia mdogo wako wa tumbo moja. Nitie sahihi?"

Kapteni akamwekea mkono begani. "Tia. Huyu nitamshika mkono mwenyewe mpaka siku atakapohamia kiti cha kushoto, cha rubani mkuu."

Kaka akafuta kidole grisi, akatia.

Wiki ya tano, yule mpanga ratiba alimkuta Mwewe mkahawani na chai yake iliyopoa. Alisimama akamtazama, kisha akavuta kiti.

"Mdogo wangu, mpaka lini utakaa hapa?"

"Mpaka mmalize kuweka mambo sawa."

Mama yule akageuka kuhakikisha hakuna mtu karibu. "Sikiliza, na haya hukuyasikia kwangu. Nina miaka mitatu pale ofisini. Nimepanga ratiba za vijana kumi na wanne wa mkataba kama wako. Mmoja aliondolewa akiwa na saa mia nne themanini. Mwingine mia nne sitini na tano. Mwingine mia nne tisini na mbili, nikalia. Hakuna aliyewahi kufika mia tano. Hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Akifika ni mwajiriwa, alipwe mshahara wa watu, na nusu ya deni ifutwe. Asipofika, deni linabaki zima, na kiti chake anapewa mwingine anayelipia mafunzo. Kiti hakilali njaa."

Mwewe alisikia masikio yanavuma kama ndege inayoshuka haraka. "Nani anaamua?"

Mpanga ratiba akachukua leso akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Karatasi ya kukuondoa ilikuja na sahihi moja tu," alisema. "Ya Kapteni."

Alimkuta Kapteni ofisini kwake siku ile ile. Mlangoni alikuwa anatoka kijana mmoja mwembamba, amekumbatia faili, anachekelea. Kapteni alikuwa akimsindikiza. "Nakuambia kweli," Mwewe alimsikia akisema, "miaka ishirini nafundisha, mkono kama wako sijauona."

Kijana akapita akimwamkia kwa heshima. Maneno ambayo Mwewe alitembea nayo mwaka na nusu, yaliyomlaza na kumwamsha, kumbe yalikuwa ya kugawa kama peremende kwa watoto.

"Karibu, binti yangu," alisema Kapteni, bila hata chembe ya haya.

"Ni kweli wewe ndiye uliyeniondoa?"

Kapteni akafunga mlango, akaketi. Hakukana. Angekana, labda isingeuma hivyo. "Mimi napokea maagizo kama wewe. Kampuni ina mahitaji yake. Ukiusoma mkataba vizuri, saa unapangiwa kulingana na mahitaji ya kampuni."

"Ulimwambia kaka yangu atie sahihi."

"Na ulipata leseni. Je, hukupata?" Akainama mbele, sauti ikawa ile ya darasani. "Sikiliza. Jumamosi ni siku ya wazazi wa wanafunzi wapya, pale chuo chetu cha urubani. Nahitaji mtu kijana, mwenye sare, aseme mawili matatu. Wewe unapendeza na unaongea vizuri. Nisaidie hilo, nami nitazungumza na wakubwa juu ya hizo saa ishirini na tisa. Ahadi ni deni."

Mwewe akatoka bila kuaga. Alimchukia Kapteni, lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba kabla hajafika getini, alikuwa ameshaanza kutunga hotuba.

Na Jumamosi alikwenda. Tusimpambe: alikwenda kusema uongo. Wifi alimpigia shati pasi kwa uangalifu kuliko siku zote. Ukumbi ulijaa wazazi waliovaa nguo zao za kutokea, wengine wameshika bahasha za kaki mapajani, na watoto wao pembeni wamekaa wima kana kwamba wanapimwa. Mwewe akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaeleza jinsi alivyokuwa binti wa karakana na jinsi mawingu yanavyopendeza ukiyatazama kutoka juu. Akapigiwa makofi. Kapteni, mstari wa mbele, akatikisa kichwa kwa furaha.

Mama mmoja akanyoosha mkono katikati ya ukumbi. Kando yake alikaa yule kijana mwembamba wa faili.

"Mwanangu, hongera," alisema yule mama. "Mimi swali langu ni dogo tu. Nina kiwanja kimoja, na ndicho kila kitu. Wewe sasa hivi umeshaajiriwa?"

Kapteni akatabasamu, akamtikisia kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya ndani ya ndege alipotaka kusema endelea, unafanya vizuri.

Mwewe akamtazama mama yule. Alikuwa ameishika bahasha yake kwa mikono miwili.

"Hapana, mama," alisema. "Sijaajiriwa. Wiki ya sita sasa sijapanda ndege. Nilibakiza saa ishirini na tisa, wakaniondoa. Tuko kumi na watano wa mkataba huu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuachiwa afike mia tano. Kiwanja chako usi..."

Kipaza sauti kikafa. Akapaza sauti yake mwenyewe, "Usikiweke, mama! Nyumba ya kaka yangu iko mikononi mwao!" Walinzi wawili wakaja wakamshika viwiko, bila ukali, kama watu wanaomsaidia mgonjwa kushuka ngazi. Nyuma yake alisikia Kapteni akiomba radhi kwa wazazi kwa sauti ile ile ya taratibu.

Alikimbilia nyumbani ili kaka asisikie kwa watu, ila simu zina miguu mirefu kuliko binadamu. Alimkuta kaka amekaa kwenye kigoda, simu ya jirani mkononi, video ya kule ukumbini imeshafika mwisho. Wifi alisimama mlangoni, hakumtazama.

"Kaka, nilitaka..."

"Wiki sita," kaka alisema.

"Nilidhani watanirudisha. Sikutaka uumie bure."

"Kila asubuhi nimekuambia safari njema. Nikirudi kwenye kazi yangu nikisikia ndege, nasimama, natazama juu. Nilikuwa namtazama nani?"

Mwewe akaivua ile mistari miwili mabegani, akaishika kiganjani.

"Yule Kapteni alinidanganya siku moja," kaka akasema, akaweka simu chini polepole. "Yule si ndugu yangu. Wewe umenidanganya asubuhi ngapi?"

Hakufoka, hakumfukuza. Akachukua bisibisi akarudi kwenye friji ya watu. Tangu siku ile alisema naye kupitia wifi tu: "Mwambie chakula tayari." "Muulize kama barua imekuja."

Barua ilikuja. Kampuni ilimwachisha kazi kwa kosa la kuichafulia jina, na ilidai deni lote ndani ya siku tisini. Karakana ikauzwa, nyumba ikanusurika kwa tundu la sindano. Kaka akahamishia friji zake barazani, akafunga turubai mvua isiingie. Vijana sita kati ya wale waliotangulia walimtafuta Mwewe baada ya ile video, wakachangishana, wakapata wakili. Kesi ikafunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Wakili alisema wana hoja. Wakili wa kampuni naye alikuwa na hoja, na gari zuri zaidi. Mpanga ratiba aliombwa atoe ushahidi. Akasema ana watoto watatu shuleni, wamsamehe.

Siku moja kaka alishindwa kuinua mashine ya friji kubwa peke yake. Akatazama huku na huku, wifi hayupo. "Shika huko," akamwambia Mwewe. Ndilo neno la kwanza alilomwambia ana kwa ana tangu ile Jumamosi. Wakainua pamoja. Hawakuongeza lingine siku ile, na safari njema hakuisema tena kamwe.

Mwewe akapata kibarua kwenye ghala la mizigo pale pale uwanjani: kupima maboksi, kuandika uzito, kubandika karatasi. Wapagazi waliomjua tangu enzi za chai moja walimwita Rubani, na hawakumaanisha kumkejeli.

Mwaka wa pili tangu siku ya wazazi ukielekea ukingoni, aliinua macho kutoka kwenye mizani akamwona yule kijana mwembamba. Amevaa shati jeupe, mistari miwili mabegani. Alikuja kufuatilia mzigo wa ndege yake. Walitambuana hapo hapo.

"Kwa hiyo mama aliweka kiwanja," alisema Mwewe.

Kijana akaona haya kidogo. "Nilimbembeleza sana. Kapteni alikuja nyumbani, akamweleza kwamba wewe... Samahani, dada. Alisema ulishindwa mtihani, ndiyo maana ukawa na hasira. Pole sana." Alisema kwa huruma ya kweli. Ndiyo iliyomchoma.

"Una saa ngapi sasa?"

"Mia nne na kumi!"

"Sikiliza, ndugu yangu. Chukua daftari, ziandike mwenyewe kila siku. Kila ratiba unayotumiwa, ihifadhi. Tuna wakili. Namba yake ni..."

"Usijali, dada," kijana alimkatiza kwa upole. "Kapteni mwenyewe ndiye ananitunzia hesabu."

Akatia sahihi kupokea mzigo, akaaga kwa adabu, akaelekea kwenye ndege. Mwewe akaandika namba ya wakili nyuma ya karatasi ya kubandikia, akamfuata mbio mpaka kwenye mstari mwekundu ambao wafanyakazi wa ghala hawaruhusiwi kuuvuka, akaita mara mbili. Mapangaboi yalikuwa yameshawashwa. Kijana hakusikia.