Sekunde za Walburga

Siku Walburga alipovunja rekodi ya mkoa ya mita elfu moja na mia tano, Othmar wa bodaboda alikuwa akipeleka gunia la mahindi Mbinga. Alipofika alitazama mita ya kilomita ya pikipiki: kilomita ishirini na tisa zimekuwa ishirini na sita. Akashusha gunia, akadai nauli ileile.

Kijijini, nyuma ya milima ya Ruanda wilayani humo, hesabu ilieleweka upesi. Kila sekunde aliyopunguza Walburga ilikula kilomita moja ya barabara ya hospitali ya Mbinga. Hakuna shamba lililopungua wala shimo la ngoro la kulimia mteremkoni lililofukiwa. Barabara ilijikunja tu. Shangazi yake Gertruda, akianua kahawa, alimwambia, "Mwanangu, wewe kimbia. Vyombo tutaosha sisi."

Akakimbia hasa! Rekodi ya kanda, rekodi ya taifa, medali mpaka misumari ikaisha ukutani. Zikabaki kilomita kumi. Ila kona ya mikaratusi, kilomita mbili tu kabla ya hospitali, haikwenda popote. Hapo ndipo alipofia mama yake na mimba yake, gari limezama kwenye tope kutwa nzima. Walburga aliichukia kona ile waziwazi.

Siku ya fainali Dar es Salaam, akifunga kamba za viatu, simu iliita. Alikuwa Gertruda.

"Dada yako Scholastica kashikwa uchungu. Othmar anampeleka, lakini wamekwama kwenye mikaratusi."

"Nipe dakika nne, shangazi," alisema Walburga, akampa kocha simu.

Mzunguko wa mwisho hakuona mgongo wa mtu. Zilianguka sekunde mbili kamili, na uwanja mzima ukasimama. Kule kwenye kona Othmar aliongeza mafuta, tope likaachia, na geti la hospitali likawa hapo hapo mbele yao. Mlinzi akafungua. Mtoto wa kike alizaliwa kitandani, mzima, mama mzima. Walburga alilia mbele ya kamera bila haya.

Kijiji kilicheza ngoma ya mganda siku tatu.

Wiki iliyofuata alikuja mhandisi wa ofisi ya barabara, iliyoahidi changarawe tangu mama yao yu hai. Alipima mara mbili.

"Kilomita nane," alisema. "Fupi mno. Tunaifuta kwenye mpango." Kisha akaomba picha na bingwa.

Walburga alipiga naye, amempakata mtoto, viatu vya mhandisi vimezama topeni. Halafu akamrudishia dada yake mtoto, akainama kufunga kamba. Zilibaki sekunde nane.