Mawe ya Ratemo

Ratemo alimwachia mkewe Edinah mtoto mmoja, Nyasani, na debe la vipande vya mawe ya sabuni, mabaki ya kazi yake ya kuchonga hapa Tabaka. Edinah alipoanza kusoma darasa la watu wazima, Ratemo alimchorea kwa msumari neno moja la Kiingereza juu ya kila kipande. River. Run. Sweet. Slowly. "Haya mwalimu, nipangie," alikuwa akisema kwa utani. Edinah aliweka nomino kwenye sinia, vitenzi kwenye karai, vivumishi kwenye kifuniko cha sufuria, vielezi kwenye kikombe. Akikosea, Ratemo alicheka mpaka kikohozi kimkatize. Kikohozi hicho ndicho kilichomchukua mwezi wa nne.

Tangu hapo Edinah alipanga mawe peke yake, kila jioni, akipitisha kidole kwenye mikwaruzo. Herufi za Ratemo zililala upande, na y yake ilikuwa na mkia mrefu.

Alhamisi alirudi kutoka sokoni akamkuta mama mkwe wake, Bathsheba, ameketi uani, beseni la maji mbele yake, msasa mkononi. Mawe yote yalikuwa yameanikwa juani, laini kama mayai.

"Mama Nyasani, leo nimekupunguzia kazi!" alisema. "Hivi vilikuwa vimekwaruzwa vibaya. Mnunuzi gani angevitaka?"

Bathsheba amepiga msasa tangu usichana. Kusoma hajui. Kwake, jiwe lenye mkwaruzo ni jiwe ambalo halijaisha.

Edinah alikaa chini, mzigo ungali kichwani.

"Kwani nimeharibu?"

"Yalikuwa maneno, mama. Ratemo aliniandikia."

Msasa ulimponyoka mama mkwe, ukazama. Maji yalikuwa meupe kama uji. "Mkono wa mwanangu," alisema polepole, "na mimi ndiye nimeuosha."

Hasira ilimpanda Edinah, kisha akauona uso ule mzee ukikunjamana, ikamshuka. Akatafuta msumari.

"Nipe moja moja, mama. Nayakumbuka kwa maumbo yake."

Akaandika river, akaandika run, kwa herufi zake zilizosimama wima. Bathsheba alimpa jiwe baada ya jiwe, akikausha kila moja kwa leso.

"Na hili?"

Lilikuwa dogo, limemeguka ukingo. Edinah alilipapasa pande zote. Hakukumbuka hata kama alikuwa akiliweka kwenye sinia au kwenye karai.

"Hilo limenitoka, mama."

"Basi usiliandike kitu," Bathsheba alisema, akalifunga kwenye pindo la leso yake.