Kamera Isiyo na Waya Kwenye Matanga ya Mama

Muuzaji kule mjini Iloilo aliapa mikono juu. "Hii haina waya, Manang, dada yangu. Unabonyeza tu, picha inapaa yenyewe."

Mwaka huo wa 2006 kitu hicho kilikuwa kipya, na Felisa akaamini. Nyumbani kwake huko mjini picha zilipaa kweli, kutoka sebuleni hadi chumbani, kwenye kompyuta moja tu iliyofundishwa kuzipokea, tena kwa mwendo wa konokono. Ule waya mfupi uliokuja na kamera aliuacha ndani ya boksi. Wa nini?

Sasa mama yake amelala ndani ya jeneza kijijini, kati ya mishumaa, na maziko ni kesho. Mdogo wake Wilmar ni baharia. Meli yake iko bandarini Rotterdam leo tu, kisha ni maji matupu mwezi mzima. Alikuwa amepiga simu akilia. "Dada, nitumie uso wa Mama, nanyi nyote mkiwa pembeni yake. Nisipomwona leo, nitamwona wapi tena?"

Basi ukoo mzima ukajipanga kando ya jeneza, kama ilivyo desturi, jirani akabonyeza. Felisa akavuka barabara mbio hadi kwa Rodel, mwenye duka la intaneti, ambako watoto walikuwa wakipigana vita kwenye kompyuta.

Kamera ikauona mtandao wa duka. Ikaomba neno la siri, herufi moja moja. Ikafikiri. Ikazidi kufikiri. Kisha ikaandika kwamba kompyuta hii haiijui.

"Haiijui!" Felisa akawaka. "Nimeinunua mimi, aliyefiwa ni mimi, halafu yenyewe inachagua marafiki?"

Akajaribu tena. Betri ikakata roho. Chaja iko mjini, waya uko mjini, na picha zimebaki tumboni mwa kamera, kwa sababu kadi ya kuchomoa hakununua. Aliambiwa haina haja.

"Eti inapaa! Hata kuku angefika mbali zaidi! Yule mwongo na meno yake meupe, ningemkamata sasa hivi..." Mkono ulikuwa umeshainuka.

"Usiirushe, Manang," Rodel akasema taratibu. "Itavunja kioo changu, nayo itabaki nzima." Kisha akapiga makofi. "Haya, wanajeshi! Vita vimekwisha, nafunga duka."

"Nilikuwa nashinda, Nong, kaka!" mtoto mmoja akalalamika.

"Utashinda kesho."

Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kupata riziki. Akatoa chini ya meza kamera yake kuukuu, nene kama mkate, na waya mrefu kama utumbo. "Huyu mzee hapai," akasema. "Lakini akitumwa, anafika."

Kwenye matanga akavua kandambili, akamwinamia marehemu kwanza. Akapiga picha mara tatu, maana Shangazi Puring kila mara alifumba macho, wala Rodel hakumkemea. Kisha akarudi dukani kuzituma.

Kabla jua halijazama alikuja na karatasi aliyoichapa. Wilmar alikuwa ameandika: "Nimemwona. Nani kamvika blauzi ya kijani? Ndiyo aliyoipenda. Mwambieni nimefika."

Felisa akaisoma kwa sauti karibu na jeneza. Alipomgeukia Rodel, asante ilikuwa imemjaa kinywani. Lakini kwa mila ya kwao, kwenye matanga kabla ya maziko, mfiwa hamshukuru mgeni, wala hamsindikizi mlangoni, kifo kisije kikamfuata.

"Kaa hapo hapo, Manang," Rodel akasema. "Najua."

Basi Felisa akamjazia biskuti mfuko wa shati mpaka kifungo kikalalamika.

Mezani, feni ilikuwa ikipeperusha karata za wakeshaji. Felisa akaibandika ile kamera yake iliyozima juu ya karata, pwaa! "Haya, jiwe wewe. Angalau zuia hizi zisipae."

Kesho yake, walipotoka makaburini, alivuka barabara kabla hata ya kuvua nguo nyeusi, akasimama mlangoni pa duka.

"Rodel! Asante!" alisema, kwa sauti kubwa hivi kwamba watoto waliacha vita wakageuka. "Asante sana, ndugu yangu!"