Pampu ya Mwalimu

Mkaguzi hakuwa mkaguzi wa chochote. Alikuwa fundi wa magari, mwenye gereji ya milango miwili na shimo moja la kushukia chini ya gari. Watu walimbandika jina hilo kwa sababu hakupokea kitu bila kukigeuza juu chini kwanza. Ukimpa chai, ataichungulia. Ukimpa salamu, atajiuliza unataka nini.

Na kwa muda sasa aliyekuwa akikaguliwa ni shemeji yake.

Shemeji huyu, mdogo wa kiume wa mkewe, alikuwa nusu ya gereji. Mkaguzi alifungua na kufunga injini. Shemeji alichomeka kompyuta, akaipangia injini itumie petroli kiasi gani na iwake wakati gani. Kwa miaka tisa magari ya turbo yalikuja pale kwa ajili ya mikono ya mmoja na kichwa cha mwingine. Mkaguzi peke yake angebaki kubadilisha oili na breki, na alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana roho ilimruka siku alipomwona shemeji ng'ambo ya barabara, mbele ya gereji mpya yenye sakafu ya vigae, akicheka na mwenye gereji hiyo, bwana mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Kitambi.

"Mlikuwa mnaongea nini na Kitambi?" alimuuliza aliporudi.

"Mambo ya kawaida tu, shemeji."

Mambo ya kawaida! Mtu hacheki mambo ya kawaida mpaka anashikilia ukuta. Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Shemeji akipokea simu nje, ushahidi. Akifunga kompyuta mapema, ushahidi. Akiwa mchangamfu, basi ndiyo kabisa.

"Wewe utakuja kukishuku hata kivuli chako," mkewe alimwambia kutoka kwenye kiofisi alikopangia vipuri.

Katikati ya shuku hizo akaingia Mwalimu, mama mmoja aliyefundisha hisabati hadi akastaafu, na ambaye sasa alikuwa amefungiwa turbo kubwa kwenye kigari chake cheupe. Msimcheke. Alipenda barabara ya mlimani na hakupenda kupitwa. Tatizo lake lilikuwa moja: turbo kubwa husukuma hewa nyingi ndani ya injini, na hewa nyingi hudai petroli nyingi. Petroli isipotosha, injini hupata joto la kuyeyusha pistoni. Kwa hiyo gari lilihitaji nozeli kubwa zaidi za kupulizia petroli, na pampu yenye nguvu zaidi ndani ya tangi.

Shemeji ndiye aliyeagiza vifaa. Vilipofika, Mkaguzi aliikalia ile pampu siku mbili nzima. Aliipima kwenye mizani ya jikoni ya mkewe. Aliyasoma maandishi yake kwa lenzi, herufi moja moja, akilinganisha na picha ya kiwandani. Hakuona kasoro, na jambo hilo lilimkera kuliko kama angeiona. Mwishowe alishuku kipande cha mpira kilichokuja nayo kwenye mfuko, kile cha kupitishia petroli kutoka kwenye pampu hadi kwenye mfuniko wa tangi. Kilikuwa kifupi, kigumu, hakina hata herufi moja. Akakitupa kwenye pipa la taka, akakata kingine kutoka kwenye mpira wake mwenyewe, mzuri, wenye jina la kiwanda. Kazi ya tangi aliifanya peke yake na hakumruhusu mtu kusogea. Siku ile gari lilitoka pale likiunguruma kwa raha, na Mwalimu akaondoka akicheka peke yake kama msichana.

Siku kumi baadaye alirudi amekunja uso.

"Linakohoa. Nikikanyaga mafuta mlimani, linakata."

Shemeji alipanda naye na kompyuta yake, wakaenda, wakarudi.

"Presha ya petroli inashuka turbo ikianza kusukuma," alisema. "Bahati nzuri niliweka ulinzi, kompyuta inaikata injini kabla haijaungua. Shida iko ndani ya tangi. Tufungue."

"Ndani ya tangi kuna pampu," Mkaguzi alisema. "Na pampu umeileta wewe."

"Ndiyo, nimeileta mimi."

"Ni bandia."

"Shemeji, umeipima na mizani ya jikoni."

Mwalimu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Hapo Mkaguzi angeweza kunyamaza, lakini shuku za wiki kadhaa zilikuwa zimemjaa.

"Kitambi amekuahidi nini ili uniharibie jina?"

Mkewe alitoka kiofisini, akasimama mlangoni. Shemeji alichomoa kompyuta, akakunja waya wake taratibu mpaka mwisho.

"Fungua tangi," alisema, akaondoka.

Mkaguzi alilifungua asubuhi iliyofuata, akiwa na hamu ya kumshika mwizi. Alitoa kiti cha nyuma, akalegeza mfuniko, akaivuta pampu nje ikichuruzika. Aliitumbukiza kwenye ndoo ya petroli, akafunga geji ya kupimia presha, akaiunganisha na betri. Sindano ya geji ilipanda bila kusita na kutulia pale pale ilipotakiwa. Akarudia. Ikapanda tena.

Ndipo akauangalia mpira. Ulikuwa umevimba, umelegea kama soksi kuukuu, na chini ya klipu ulikuwa umepasuka urefu wa ukucha. Pampu ilikuwa ikisukuma petroli, na nusu yake ilikuwa ikirudi tangini kupitia ufa ule. Mpira wake ulitengenezwa kubeba petroli tumboni, siyo kuzama ndani yake usiku na mchana. Wa kuzama ulikuwa ule mfupi, mgumu, usio na jina, ambao aliutupa kwa sababu tu ulitoka mkononi mwa shemeji.

"Huo mpira nani kauweka?" mkewe aliuliza.

"Mimi."

"Basi miguu unayo. Mdogo wangu yuko kwa Kitambi tangu asubuhi."

Alivuka barabara na ule mpira mkononi. Kitambi alimkaribisha kwa heshima zote, na heshima hizo zilimchoma. Shemeji alikuwa ameinama kwenye gari la watu, kompyuta imeshachomekwa.

"Pampu ni nzima," Mkaguzi alisema mbele ya mafundi wote. "Mpira ulioleta niliutupa, nikaweka wangu. Kosa ni langu. Nisamehe, shemeji."

Shemeji aliupokea, akauminya, akaurudisha.

"Nimekusamehe."

"Basi twende nyumbani. Mwalimu anakuja saa tisa."

"Huyu bwana ameniita mara tatu," shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile uliyotuona alikuwa ananiahidi ofisi yenye kiyoyozi, nikacheka. Nikamwambia hata akinijengea ghorofa, siwezi kumwacha mume wa dada. Leo asubuhi nimekuja mwenyewe, hajaniita."

"Lakini umeshanisamehe."

"Nimekusamehe, ndiyo. Ila nimechoka kukaguliwa."

Mkaguzi alirudi, akanunua mpira unaofaa, akaufunga na kuukaza vizuri, akarudisha kiti mahali pake.

Saa tisa Mwalimu alifika, akasikiliza maelezo bila kukatiza, mpira ule uliopasuka ukiwa kiganjani mwake.

"Na sasa nani atapanda nami mlimani kuipima presha?" aliuliza.

Mkaguzi alimpa ufunguo, akamwonyesha ng'ambo ya barabara.

"Kuna kijana wetu pale. Mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Akikwambia gari ni zima, muamini."