Kompyuta Kumi na Mbili za Moffat

Wivu wa Moffat haukuja polepole. Ulimvamia siku ileile Gacheri alipoingia ofisini na cheti chake cha kompyuta kutoka Meru. Miaka minane Moffat alikuwa ametunza kompyuta kumi na mbili za chama cha ushirika wa kahawa, pale Othaya, akizipangusa vumbi kama watoto. Sasa chama kilikuwa kikitafuta mkuu wa chumba cha kompyuta, na midomoni mwa watu ni Gacheri hivi, Gacheri vile. Roho ilimuuma, tusimfichie.

Mwaka huo wa tisini na saba chama kilitaka programu mpya ya rekodi za wakulima. Wauzaji walileta mbili. Kubwa ilidai kompyuta mpya zote. Ndogo, walivyosema, ingetumia zile za zamani.

Mbele ya kamati Gacheri akasimama. "Tukinunua hii kubwa, hizi za zamani zitaenda wapi? Si ni kwa lile shimo la maganda ya kahawa, hapo juu ya mto? Sumu yao itateremka mtoni, na watu wa huko chini wanakunywa hiyo maji. Tuulize hivyo kwanza, hata kabla ya bei."

Wazee wakapiga makofi. Hapo ndipo Moffat alipochomwa moyoni. Swali lile alikuwa nalo kifuani tangu mwaka juzi, akaogopa kulisema, na leo msichana wa juzi anashangiliwa kwa ajili yake!

Mwenyekiti, Mzee Ngatia, akamgeukia. "Moffat, hizi mashine ni wewe unazijua. Hiyo programu ndogo itaingia?"

Jumamosi iliyopita, mlango ukiwa umefungwa, Moffat alikuwa ameijaribu kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote. Ilifanya kazi vizuri kabisa.

"Haiwezi, Mzee. Nilijaribu, ikakataa."

Gacheri akaketi. Wakanunua kubwa, kipya kinyemi ingawa kidonda. Moffat akapewa kile cheo cha mkuu.

Siku mashine zilipobebwa kwenda shimoni, mvua ikinyesha, Gacheri alikuja kumpa mkono.

"Hongera, Mzee Moffat. Ni mimi niliambia mwenyekiti akuulize wewe. Nilijua utasema ukweli, hata kama ni wa kuniangusha."

Machoni pake hamkuwa na kinyongo, hata chembe. Moffat aliushika mkono ule, na wivu, badala ya kumtoka, ukampanda upya. Cheo alikuwa nacho yeye, lakini yule msichana ndiye angeweza kushuka mtoni na kuwasalimia wateka maji bila aibu.