Vumbi Lililopanda Basi la Jeddah

Kila Jumamosi saa moja asubuhi Elphas alifuta vikombe vya Turki. Vilikuwa kumi na vinane, kwenye kabati la vioo sebuleni mwa nyumba moja ya mtaa wa Malaz, Riyadh, na kila kimoja kimechongwa jina la Turki, mtoto wa kafili, yule mwajiri aliyemdhamini Elphas nchini. Elphas alitumia kitambaa chenye siki kidogo. Siki hung'arisha.

Vikombe hivyo alivishinda Elphas mwenyewe. Kwa miaka kumi na minne alijificha nyuma ya lori, akavaa kofia ya mashindano ya Turki, akaingia garini na kuzunguka uwanja wa udongo nje ya Riyadh, kushoto, kushoto, hadi bendera ipepee. Kisha alirudi nyuma ya lori, Turki akachukua kofia na kwenda kupokea kikombe. Ikama ya Elphas, kibali chake cha ukaazi, ilisema dereva wa nyumbani, na dereva wa nyumbani hapewi leseni ya mashindano.

Tatizo lilikuwa vumbi. Turki alipanda jukwaani mweupe pe, nalo likampita kama halimjui, likamfuata Elphas hadi nyumbani. Halikuondoka tena. Kufikia mwaka wa tano lilikuwa na kimo cha mbuzi, na Peris, mpishi wa nyumba hiyo, alizoea kuliruka mlangoni akimpelekea Elphas chai. Waamuzi waliliona, majirani waliliona. Mwenye macho haambiwi tazama, na hao walikuwa na macho mazuri tu.

Mwaka 2021 Elphas alitimiza miaka hamsini na mmoja. Macho yake yalianza kuchelewa kwenye kona. Alitaka jambo moja kabla hayajamsaliti: ashinde mara moja kwa jina lake. Basi ikaanza kutumika sheria mpya ya kumruhusu mfanyakazi kuhama kwa kafili wake, na huko Jeddah bosi mmoja, Talal, alikuwa akitafuta dereva wa mbio. Elphas aliomba ruhusa ya siku tatu.

"Nenda," alisema madam Zeinab, mama yake Turki. "Siku hizi naendesha mwenyewe."

Vumbi lilipanda basi naye. Dereva alitazama tiketi, akalitazama, akasema likae chini. Abiria waliinua miguu.

Karakana ya Talal ilikuwa Al-Baghdadiyah, kati ya duka la betri na la juisi. Talal alipiga magoti, akazamisha mkono kwenye vumbi hadi kiwiko, akanusa.

"La juu ni la mwaka jana," alisema. "Hili limeganda. Fainali ya 2014. Mvua ilinyesha mzunguko wa saba, nami nikawa wa pili." Alimgeukia Elphas. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, bosi."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Elphas alifurahi, akageukia duka la jirani na kujifanya anasoma bei za betri.

Talal alifungua kompyuta ili amhamishie kwake kwenye mtandao wa serikali. Alijaribu mara tatu.

"Sheria ni ya watu wa makampuni," alisema mwishowe. "Dereva wa nyumbani, mafi, hakuna. Ikama yako ingesema fundi tu, leo ungelala hapa."

Alimnunulia juisi ya embe, wakainywa wamesimama. Halafu Elphas akarudi kituoni.

"Sasa? Wamekuchukua?" Peris aliuliza, akimenya viazi.

"Wameniamini."

"Ati kuaminiwa? Hiyo utakula na nini? Kazi je?"

"Mafi. Lakini Peris, jamaa alijua hata ile mvua."

Peris aliacha kisu kidogo. "Si uongo, hiyo nayo ni kitu," alisema, akaendelea na viazi.

Ijumaa Elphas alishinda tena. Jumamosi saa moja vikombe vilikuwa kumi na tisa, na vumbi lilikuwa limeingia kabatini, likalala juu ya jina la Turki mara kumi na tisa, wala halikugusa mahali pengine.

"Elphas, vumbi," alisema madam Zeinab, akipita na funguo za gari.

"Ndiyo, madam."

Alilowesha kitambaa. Vumbi likashuka taratibu, likakaa sakafuni karibu na mguu wake, likamngoja amalize. Elphas akasugua jina la Turki hadi likang'aa, akahamia la pili.